Oslo hadi Brussels, Saa Mbili Kasoro

Jumapili, 1 Juni

Leo majira ya baridi yameanza rasmi. Nchi hii hata baridi ina tarehe. Jana ilikuwa bado, leo ruhusa. Asubuhi majani ya nyuma ya nyumba yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, na binti yangu Jacky, mwenye miaka kumi na mitano na akili ya miaka sita, akatoka na ndala kuyakanyaga ili asikie yanavyolia.

Daftari hili alininunulia yeye Siku ya Akina Mama. Alisema niandike, maana tangu bibi yake afariki nimekuwa nikiongea na sinki. Ni kweli.

Baada ya ibada Mzee Irambona aliniita kando ya magari. Yeye ndiye anayeshika mila za Warundi wa upande huu wa Sydney, kazi ambayo hakuna aliyempa na hakuna anayethubutu kumnyang'anya. "Mama Jacky," akasema, "mwaka unatimia Agosti. Tunaanua matanga lini?" Nikamwambia Jumamosi, tarehe thelathini. "Na wenzako wanakuja?" Nikajifanya natafuta funguo za gari.

Wenzangu ni wawili. Kaka yangu mkubwa, Callixte, yuko Brussels. Mdogo wetu, Nella, yuko Oslo. Huu ni mwaka wa nane hawasemezani.

Katika ukoo wetu matanga hayaanuliwi nusu. Watoto wa marehemu hukaa kuzunguka mtungi mmoja wa pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake, na mirija huingia kwa pamoja. Wenye ugomvi hawanywi mtungi mmoja. Wasipokunywa, marehemu anabaki mlangoni, hajaingia wala hajatoka. Waweza kusema ni mambo ya kale, lakini mimi nampangusia mlango huo vumbi kila siku na sipendi kumfikiria Mama amesimama hapo na magoti yale.

Tulipomzika mwaka jana, hapa hapa, Nella alikuwa na mtoto wa wiki mbili. Callixte alisema ni mbali. Wote wakaomba waone mazishi kwa simu, ila si simu moja, maana hakuna aliyetaka kuona uso wa mwenzake. Basi nikasimama kaburini na simu mbili, Oslo mkono wa kulia, Brussels mkono wa kushoto. Zamu ya watoto kutupa udongo ilipofika, sikuwa na mkono. Jacky akatupa kwa niaba yangu. Mpaka leo sijamtupia mama yangu udongo, na jambo hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Jumanne, 3 Juni

Nyuzi tatu asubuhi. Treni ya kwenda kazini Westmead ilichelewa, na mimi nikachelewa nayo.

Jumapili, 8 Juni

Nella hupiga kila Jumapili saa kumi na moja jioni yetu, kwao asubuhi. Leo nikamwambia tarehe. Akasema atakuja, mtoto atabaki na baba yake, Kwizera. Nikamuuliza, na kaka yako je? Akaanza ile sala yake.

"Dada, kutoka Brussels mpaka Oslo ni saa mbili kasoro dakika tano. Mama alitoka huko kwenu, saa ishirini na sita angani na kwenye viwanja vya watu, akafika. Yeye saa mbili zikamshinda. Usinitajie."

Ni habari ya harusi yake, Juni mwaka 2017. Baba alikwisha kufa Mtabila, kambi ya wakimbizi, kwa hiyo Callixte, kifungua mimba, ndiye angekaa kwenye kiti cha Baba, apokee wakwe, aseme maneno ya kumtoa bibi arusi. Kiti kiliwekwa mbele. Watu walingoja mpaka saa kumi jioni. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimejifungua kwa upasuaji mtoto ambaye hakukaa, lakini picha ninayo: Nella na shela lake, Mama na kitambaa chake kichwani, na kiti kitupu chenye ua. Callixte alituma ujumbe siku ya tatu, kwamba kazi ilimbana na Oslo ni mbali.

Jacky alikuwa anasikiliza, kama kawaida yake ya kutosikiliza. Akaangalia simu yake. "Mum, it's like a thousand and eighty k's. That's basically Adelaide."

Adelaide tulikwenda mwaka juzi kwenye harusi, kwa gari, watu saba, saa kumi na tano barabarani, na tulipofika tukacheza.

Jumatano, 11 Juni

Nimempata Callixte. "Bon, Mélanie, nitaangalia. Kazi iko mingi. Na Sydney iko mbali, mbali sana."

Kuanzia leo humu ndani anaitwa Bwana Mbali.

Jumatatu, 16 Juni

Bwana Mbali hapokei simu.

Ijumaa, 20 Juni

Zilpah ni Mkenya, ndiye ninayegeuza naye wazee vitandani pale kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mkishageuza watu pamoja miaka sita hakuna siri inayobaki. Leo tukiwa na Bibi wa chumba cha tisa katikati yetu, akaniambia, "Aki Mélanie, unajichosha bure. Si wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime?"

"Hiyo waliwaambia majirani. Mimi ni ndugu."

"Sasa ndugu anashika nini?"

"Simu mbili."

Alicheka mpaka akashika chuma cha kitanda, na Bibi wa chumba cha tisa, asiyejua neno moja la Kiswahili, akacheka naye. Mimi sikucheka sana.

Jumamosi, 28 Juni

Mvua siku ya tatu. Nguo zimetandazwa kwenye viti kama wageni wasiotaka kuondoka. Nitaandika mengi leo, sijui nitaandikaje.

Siku ya kuanua matanga nguo za marehemu hugawiwa, kwa hiyo nikaamua kufungua sanduku la Mama, nililolikwepa tangu Agosti. Vitenge, sweta la Oslo alilonunuliwa na Nella, kitabu cha nyimbo. Ndani ya kitabu, kwenye mfuko wa mkate uliokunjwa vizuri, bahasha yenye stempu ya Ubelgiji.

Barua ilikuwa ya Kifaransa. Kifaransa changu ni cha shule ya kambini, lakini kwa barua za serikali kinatosha, maana zote husema ndiyo au hapana. Hii ilisema hapana. Maombi ya ukimbizi ya Callixte yalikuwa yamekataliwa mara ya tatu, na alitakiwa aondoke nchini katika siku thelathini. Tarehe kumi na nne Machi, mwaka 2017. Harusi ya Nella ilikuwa tarehe tatu Juni.

Nyuma yake, kwa mwandiko wake na kwa Kirundi chetu: *Mama, niombee. Usiwaambie.*

Lakini Callixte alituambia alipata makaratasi tangu mwaka 2014. Tulitoa shukrani kanisani. Mama alinunua kreti mbili za soda, mchungaji akaomba, watu wakapiga makofi kwa ajili ya mtoto wa kwanza aliyefanikiwa Ulaya, mwenye kazi ya ofisini. Basi siku ile ya harusi hakuwa na pasi, hakuwa na kitambulisho, hakuwa na chochote cha kumwonyesha mtu yeyote. Oslo ilikuwa saa mbili kasoro kwa wengine wote. Kwake haikuwa na saa.

Na Mama alijua. Alikaa harusini karibu na kile kiti, akisikia watu wanamlaani mwanawe, akanyamaza. Akarudi nyumba hii akanyamaza miaka saba, akila nami kila siku. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi ndiye niliyemwosha Mama, na hili sikulijua.

Nilimkasirikia, marehemu wa watu. Kisha nikamkasirikia Callixte kwa uongo wake. Kisha nikakumbuka jina nililompa humu, Bwana Mbali, na jinsi nilivyojiona mjanja, nikaona haya. Jacky aliingia akanikuta nimekaa juu ya vitenge, akaniletea chai bila kuuliza. Aliweka sukari nyingi mno nikainywa yote.

Jumapili, 29 Juni

Nilimpigia. Nikamwambia tu, "Kaka, nimefungua sanduku la Mama."

Nilisikia akifunga mlango. Halafu akasema yote, polepole. Hakuwahi kuwa na ofisi. Alikuwa anaosha vyombo kwenye hoteli za watu waliomlipa mkononi, akilala chumba kimoja na Wakongo wanne. Ile siku ya harusi tiketi alikuwa nayo, alikuwa ameikata akiamini Mungu atafanya njia. Akavaa suti, akafika mpaka uwanja wa ndege, akaona polisi wawili wanazungumza na mtu mweusi mlangoni, akageuka. Akarudi chumbani, akakaa kitandani na suti yake, na saa ya harusi ilipofika akasimama akausomea ukuta ile hotuba ya kumtoa bibi arusi. Wakongo wakampigia makofi.

"Na sasa makaratasi unayo?"

"Ninayo. Ya kweli, tangu miaka tatu."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, Mélanie? Kwamba nilidanganya mpaka kanisani? Mlikunywa soda juu yangu."

Nikamwambia basi nitamweleza Nella, leo leo jioni, haya yaishe. Akakataa kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto. "Hapana. Neno hilo ni langu. Nitalisema mimi. Niapie." Nikaapa, na nilipokata simu tu nikajuta.

Jumanne, 1 Julai

Nimelibeba. Ni zito.

Jumapili, 6 Julai

Nella amepata viza yake kwa siku moja, pasi ya Norway haina maswali. Ameshakata tiketi. "Nakuja kwa ajili ya Mama," akasema. "Yule akiwepo nitamkalia upande wa pili wa nyumba, na mrija wangu utabaki mkononi."

Ulimi wangu ulikuwa umeshafunguka nusu. Nikaumeza pamoja na chai.

Alhamisi, 10 Julai

Shule zimefungwa. Callixte amekubali kuomba viza, baada ya wiki nzima ya mimi kumsumbua. Kumbe hakuogopa safari, aliogopa fomu. Kila fomu aliyojaza maishani ilirudi na hapana.

Fomu iko kwenye kompyuta na ni ya Kiingereza, ukurasa juu ya ukurasa. Callixte Kiingereza hana. Mimi nacho cha kugeuza wazee na kuandika ripoti ya zamu. Tukamweka Jacky mezani, mjomba wake kwenye simu iliyoegemezwa chupa ya sosi, mimi jikoni natayarisha sombe, kisamvu chetu. Jacky anasoma Kiingereza, anakigeuza Kiswahili chake cha kuokoteza, mjomba anajibu.

"Mjomba, umeoa?"

"Hapana."

"Why not?"

"Hiyo iko kwa fomu?"

"No, that's me."

Tukacheka, na mambo yakaenda vizuri mpaka ukurasa wa kumi na kitu. Nikamsikia Jacky amesita.

"Mjomba, hii inauliza... umeshawahi kuambiwa utoke nchi? Like, serikali inasema toka?"

Kijiko changu kikasimama. Kwenye simu niliona uso wa kaka yangu umegeukia pembeni, kama mtu anayeangalia basi lake linaondoka. Nilitaka kumtuma Jacky dukani. Nilitaka kwenda kuzima kompyuta.

"Jacky," Callixte akasema. "Andika ndiyo."

"Yes?"

"Ndiyo. Walikataa mara tatu. Mara moja waliandika nitoke."

Jacky akabonyeza. "Okay. Sasa wanataka uelezee. Kuna box."

Akaeleza. Nusu saa nzima, kwa Kiswahili chepesi ili mtoto apate kuandika: chumba, vyombo, barua, uwanja wa ndege, suti. Jacky alikuwa anamkatisha kuuliza mwaka na jina la mtaa, "spell it, Mjomba", kama vile wanafanya kazi ya shule ya kesho. Hakushtuka, hakumhurumia. Mjomba alipomaliza akasoma alichoandika, akabonyeza tena, akasema, "Done. Ukurasa unaofuata."

Miaka kumi na mmoja kaka yangu amebeba aibu hiyo, na mtoto amesema ukurasa unaofuata. Nilifurahi mpaka nikalia juu ya sombe. Baadaye nikamwapisha na yeye asimwambie mama mdogo wa Oslo. Akasema, "Mum, you lot are so weird," na akaapa.

Jumanne, 15 Julai

Mzee Irambona ameloweka mtama kwenye gereji yake. Anasema baridi ya Sydney ni adui wa chachu, kwa hiyo mtungi utalala na blanketi la umeme, ambalo mkewe analidai. "Mchungaji akiuliza," akaniambia, "ni uji uliochelewa kunywewa."

Jumamosi, 19 Julai

Callixte ameitwa kuchukuliwa alama za vidole. Alikwenda, akarudi. Amenitumia picha ya vidole vyake kumi.

Jumapili, 27 Julai

Leo Nella alimsema kaka yake saa nzima. Ubinafsi, majivuno, kujifanya Mbelgiji. Zamani ningeitikia, hata ningeongezea chumvi. Leo nilinyamaza, na katika kunyamaza nikajisikia mwenyewe, na sikupenda nilichokisikia.

Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma. Nimependa kuwa mtu wa katikati. Bila ugomvi wao nani angenipigia kila Jumapili? Oslo hupita kwangu kuijua Brussels, na Brussels hupita kwangu kuijua Oslo, na mimi niliyebaki hapa Mount Druitt na treni yangu ya asubuhi nikajiona mtu mkubwa. Miaka minane nimewapelekea maneno, na sikumbuki hata mara moja kumwambia mmoja wao: chukua simu umpigie mwenzako. Mama alinyamaza kwa kuwa aliombwa. Mimi niliongea kwa kuwa nilinogewa.

Jumatano, 30 Julai

Mwezi umebaki. Viza bado.

Jumatatu, 4 Agosti

Bado. Upepo umeanza.

Jumamosi, 9 Agosti

Imekuja. Callixte alinipigia akaisoma neno kwa neno, kwa Kiingereza asichokijua, na aliposema *granted* alilisema kama jina la mtoto. Jacky akapiga vigelegele ambavyo sikujua anavijua. Alijifunza kwa bibi yake.

Jumapili, 10 Agosti

Furaha ya jana haikulala. Leo Callixte ananiambia tiketi ameshika ya tarehe ishirini na sita, lakini hajui kama ataweza. Tangu ile siku ya suti hajaingia tena uwanja wa ndege. Akimwona tu mtu wa sare ameketi kwenye kibanda, jasho linamtoka. "Makaratasi ninayo, viza ninayo," akasema. "Miguu ndiyo sina."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumpa moyo na niliyaona yote hayana maana. Nikamwambia, "Kaka, mimi nimechoka kushika simu zenu. Siku ya kumzika Mama sikumtupia udongo kwa sababu mikono yangu ilijaa ninyi. Neno ulisema ni lako. Basi lipeleke. Namba yake ya Oslo haijabadilika."

Hakujua habari ya udongo. Alilia, na mimi nililia, kisha akakata bila kuaga.

Jumatatu, 11 Agosti

Ujumbe wa Callixte, asubuhi nikiwa kwenye treni: "Nimemtumia sauti. Dakika kumi na moja."

Jumanne, 12 Agosti

Kimya.

Jumatano, 13 Agosti

Kimya. Zilpah ananiuliza kwa macho tu.

Ijumaa, 15 Agosti

Callixte anasema Nella amesikiliza, alama za kwenye simu zimeonyesha. Hajajibu. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Naogopa mshindo.

Jumapili, 17 Agosti

Saa kumi na moja jioni simu haikulia. Jumapili ya kwanza katika miaka. Nilikaa nayo mapajani mpaka Jacky akaja kuichukua akaiweka juu ya friji.

Jumanne, 19 Agosti

Nella. Mstari mmoja: "Ndege yake inaondoka Brussels tarehe ngapi, saa ngapi?"

Nikamjibu mara moja. Hakuandika zaidi. Nimegeuza swali hilo kila upande kama wazee wangu wa Westmead. Labda anataka kuja siku nyingine wasikutane njiani.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimeionja pombe kwenye gereji. Imekubali. Mzee Irambona aliniangalia nikinywa, akauliza, "Nichonge mirija mingapi?" Nikasema mitatu. Akauliza tena, nikasema tena mitatu, ingawa moyo ulikuwa unasema mmoja.

Jumanne, 26 Agosti

Niliamka nikakuta picha imeingia kutoka Brussels. Ni mlango wa kahawia wa nyumba ya kupanga, wenye kengele nyingi pembeni, na mbele yake Nella na sanduku lake, nywele zimetimka, macho yamevimba.

Jioni akapiga yeye mwenyewe, kwa simu ya Callixte. Sauti zao mbili kwenye simu moja.

"Dada, nilibadilisha tiketi. Tunakuja naye. Nitakuwa mbele yake kwenye kila kibanda, wakitaka kuuliza wataniuliza mimi."

Nikamuuliza kama hana hasira tena. Alifikiri kidogo.

"Hasira ninayo. Alinidanganya. Lakini jana ndani ya ndege nilizihesabu zile saa mbili kasoro dakika tano, zote. Wakagawa kahawa, wakakusanya vikombe, tukashuka. Pasi nimekuwa nayo muda wote huo, dada. Miaka minane namwambia ni karibu, na mimi sikuwahi kumgongea mlango."

Nyuma yake nikamsikia Callixte anasema, "Mwambie sijapiga pasi shati." Nella akamwambia avae hivyo hivyo.

Alhamisi, 28 Agosti

Uwanja wa ndege wa Sydney, asubuhi. Jacky alikosa shule kwa ruhusa yangu. Walichelewa kutoka kuliko wote, watu wa ndege yao walikwisha kwenda wakapata na teksi. Halafu mlango ukafunguka.

Walikuwa wanasukuma kigari kimoja. Yeye ana mvi, kaka yangu, na niliachana naye kijana. Suti alikuwa ameivaa, ya kijivu, imembana kifuani. Nella alikuwa amemshika kiwiko kama sisi tunavyowashika wazee wetu, kwa nguvu na bila kuonyesha.

"Alitetemeka Brussels, akatetemeka Doha," Nella akasema. "Hapa askari alimwambia *welcome*, ndipo akalia. Ndiyo maana tumechelewa."

"Hi, Mjomba," Jacky akasema. Callixte akamwambia, "Ukurasa unaofuata," na wakakumbatiana kama watu wa siku nyingi.

Jumamosi, 30 Agosti

Watu arobaini kwenye ua wa nyuma, jua la bure, na ule mti wa jirani wenye maua ya manjano umepasuka wote kwa mara moja. Zilpah alileta chapati. Mchungaji alikuja, akautazama mtungi, akauliza habari za hali ya hewa.

Mzee Irambona akatuketisha watatu. Akasema maneno yake, kisha akauliza kama desturi, kabla ya mirija kuingia, kuna mwenye neno?

Nella akasimama. Nilijua kuna neno, sikujua lipi. Aliingia ndani, akatoka na kiti cha meza yangu ya kulia chakula, akakiweka mbele ya watu.

"Neno langu ni kwamba kaka yangu ana hotuba. Ameichelewesha miaka minane. Mume wangu yuko kwenye simu Oslo, anasubiri kukabidhiwa mke."

Simu ilikuwa moja, na aliishika Jacky. Callixte alikaa kwenye kile kiti na suti yake. Karatasi hakuwa nayo, alisema ukuta wa Brussels ulimsaidia kuikariri. Akamtaja Baba, akamtaja Mama, akamtoa mdogo wetu kwa maneno ambayo yangemtoa siku ile, na sauti yake ilikatika pale pale ambapo ingekatika siku ile. Kisha akaongeza moja ambalo halikuwemo. Aliwaambia watu wote arobaini kwamba alisema uongo mpaka kanisani, na kwamba waliokunywa soda ile wamsamehe. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ilikuwa tamu," na watu wakacheka, na neno likawa limekwisha.

Mirija ikaingia pamoja. Pombe ilikuwa chungu kidogo. Tulikunywa vichwa vyetu vikigusana, na Nella akasema chini chini kwamba Callixte anavuta nyingi, kama zamani.

Jumapili, 31 Agosti

Siku ya mwisho ya baridi, kwa tarehe yao. Asubuhi tulikwenda makaburini, sisi watatu tu. Jacky tulimwacha amelala.

Nyasi zimeshaota juu ya Mama. Callixte akapiga magoti na suruali yake ya suti, akazifungua kwa vidole mpaka udongo ukaonekana, mweusi na wa baridi. Akatupa yeye. Akatupa Nella. Halafu wakasogea wakanipisha, mmoja kulia, mmoja kushoto, na nikagundua nimekunja vidole kama mtu aliyeshika vitu viwili. Nikavikunjua. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mitupu.

Nikainama, nikachota.